Nilitoa Mkono Kwenye Nyuzi, Nikampoteza Nekesa

Huu ni mwaka wa 1990, nina miaka thelathini na minne, sijaoa, na ninaishi Kitale kwa mama pamoja na kuku wake. Katika boma lote, aliye na wake ni jogoo peke yake. Chekeni tu... lakini nisikilizeni!

Miaka ya themanini nilipiga gitaa la besi. Mimi ni mtu wa nyumbani, mtu wa uji na redio, na kilichonitoa nje kilikuwa kimoja: Nekesa, mchumba wangu, mwimbaji wa bendi yetu. Nilimtungia wimbo wa mapenzi. Rafiki yangu Wanyonyi, ambaye besi nilimfundisha mimi mwenyewe, alipiga gitaa la solo.

Tukaenda Bungoma kurekodi. Chumba nyuma ya duka, magodoro ukutani, mashine ya tepu mezani. Kuanza tu, besi yangu ikanguruma mmmmm... kama nyuki ndani ya mtungi! Fundi akagundua: nikigusa nyuzi, kelele inakufa, nikitoa mkono, inarudi.

"Ndugu yangu, usitoe mkono. Hata kama hupigi, wewe shikilia tu."

Rahisi, sivyo? Lakini katikati ya wimbo vyombo vyote vilinyamaza, Nekesa akaimba peke yake. Na alimtazama nani? Wanyonyi! Wivu ukanipanda. Bila kujua, nikakunja mikono kifuani kama mwalimu wa zamu... mmmmm!

Tukarudia. Akamtazama tena. Nikakunja tena. Mmmmm!

"Si uangalie gitaa yako, bana!" Nekesa akafoka. "Huyu ananionyesha pa kuingilia! Ati utanichunga mpaka ndani ya tepu?"

Bendi nzima ikacheka. Nikarudi kwa mama na hasira zangu, nikingoja Nekesa aje kuniomba msamaha. Mimi huyo, na uji wangu!

Huku nyuma wakafuta besi yangu, Wanyonyi akaipiga upya. Nekesa hakuja. Iliyokuja ni habari: yeye na Wanyonyi wanaoana, huko Kabuchai! Walianza kupendana kabla sijaondoka, au baada? Mpaka leo sijui... na hilo ndilo linalonitafuna.

Mama akanisukuma niende. "Enda, baba. Hata kuku huenda harusini."

Bibi harusi akaingia. Kaseti ikawekwa. Wimbo gani? Wangu! Vyombo vikanyamaza, sauti ya Nekesa ikabaki peke yake... na chini yake, kwa mbali, mmmmm. Tepu haikufutika vizuri!

Wageni walipiga vigelegele, hawakusikia kitu. Wanyonyi alisikia. Nekesa naye alisikia. Akanitazama mimi, mara moja, kisha akainamisha macho.

Je, nilifurahi? Nililia juu ya sahani ya wali! Maana hiyo kelele ilikuwa mimi, nimekunja mikono, nimenuna, wakati mchumba wangu anaimba maneno niliyomtungia kwa mapenzi yangu yote. Wala sikuwa nimemsikiliza.

Wapenzi wasomaji, mwenzako akiimba, msikilize! Usipime macho yake yanaenda wapi. Shikilia nyuzi zako, nawasihi... Mimi nilitoa mkono, na kaseti ile bado inachezwa nyumbani kwao.