CV ya Mwanvita Haikuwa ya Mwanvita

Mwanvita na mama yake wanauza mchele Morogoro mjini. Mpunga wanaununua Dakawa na kuukoboa huko huko. Mwanvita ndiye msimamizi tangu amalize cheti cha ugavi.

Asubuhi moja alikuwa anapepeta mchele kwa hasira.

"Watoto wa watu wanaitwa usaili, mimi kimya! Na sasa kuna ghala Dakawa linatafuta mtunza stoo. Mwisho wa kuomba ni Ijumaa."

Jirani yao, Mama Faraja, alikuwa amekuja kununua mchele. Yeye hupokea maombi ya kazi katika kiwanda kimoja cha hapo mjini.

"Shikamoo, Mama Faraja."

"Marahaba. Lete CV yako niione."

Akasoma. Akacheka mpaka akaweka mfuko chini.

"Umechapiwa steshenari?"

"Ndiyo. Wana CV ya mfano. Wanabadilisha jina tu."

"Ndiyo maana naisoma kila siku! Wote mmeandika mnapenda kuogelea. Wewe unajua kuogelea?"

Mama yake akadakia, "Huyu? Dimbwi la mvua tu analizunguka!"

Mwanvita naye akacheka.

"Mbona kazi ya mpunga hujaiandika?" Mama Faraja akauliza.

"Ile si kazi. Namsaidia mama tu."

"Nani anapima magunia? Nani anakagua mpunga?"

"Mimi."

"Basi ghala linakutafuta wewe. Andika ulifanya nini, wapi, tangu lini. Kinachohusu kazi unayoomba kitangulie. Dini, kabila, jina la babu, toa. Kurasa mbili zinatosha. Usidanganye. Na mdhamini awe mtu anayeijua kazi yako. Mwombe kwanza."

Mwanvita akampigia Athanas, mwenye mashine ya kukoboa kule Dakawa.

"Niandike, binti," alisema Athanas. "Wakinipigia nitawaambia ukweli: ukikataa gunia, umekataa, hata liwe langu."

Mwanvita akaandika CV upya, akaipeleka ghalani Alhamisi. Wiki iliyofuata akaitwa usaili.

Meneja wa ghala alimmiminia punje za mpunga kiganjani.

"Umeandika unakagua. Haya, kagua."

Mwanvita akauma punje moja. "Hii kavu." Akauma nyingine. "Hii bado mbichi. Mkiiweka ghalani itaota ukungu."

"Unaweza kuanza Jumatatu?" meneja akauliza.

Sasa mama yake akienda kununua mpunga pale ghalani, hutaka aongezewe kidogo. Hapewi. Hurudi analalamika njia nzima, na kila anayekaa karibu naye garini anajua kwamba mwanawe ndiye mwenye funguo za ghala.