Mkono Usio wa Odile

Picha ya kwanza ilikuwa na kasoro ndogo: mwanga mwingine ulikuwa nje ya mwili.

Nassima, fundi wa mashine ya picha katika hospitali moja nje kidogo ya Paris, aliitazama bila kushtuka. Tangu mwaka ule wa homa iliyoua wengi, hakuna kilichomshtua tena. Kazi yao ilikuwa kuwadunga dawa inayong'aa watu waliopona zamani, ili kuona virusi vya homa hiyo vimejificha wapi mwilini. Kwa Odile Garnier, mjane aliyewahi kuuza mikate, vilikuwa tumboni. Lakini kifundo cha mguu wake kilikuwa kimeshikwa na mkono unaong'aa, wenye vidole virefu kupita kiasi.

"Amejitikisa," alisema daktari Kerdoncuff. "Rudia."

Walirudia. Mkono ulikuwa umepanda gotini, na chumba kilinuka nywele zilizoungua.

Nassima alisogelea kipaza sauti. "Bibi Odile, kuna mtu humo?"

"Yupo," alijibu taratibu. "Kila siku yupo."

Kesho yake mchana Nassima alimpeleka Zohra, mama yake mdogo anayewasomea Kurani watu wenye majini, nyumbani kwa Odile. Odile aliwakaribisha kwa kahawa. Zohra alipoanza kusoma, madirisha yakatetemeka, harufu ile ikajaa mpaka macho yakawachoma, na kitanda cha chumba cha pili kikalia polepole, kama mtu mzito anageuka, anakaa, anashusha miguu, anakuja.

"Basi, dada," Odile alinong'ona. "Ukimtoa, nitabaki na nani?"

"Huyo si mtu. Anakumaliza."

"Marcel wangu alikufa hospitali mwaka ule wa homa, nikakatazwa hata kumshika. Tangu hapo hakuna aliyenigusa ila huyu."

Zohra alifunga msahafu. "Mwenye jini asipotaka, mimi sina la kusoma."

Ngazini, wakishuka, Nassima alingoja machozi yamtoke. Hayakuja.

Mwezi uliofuata Odile alirudi kupigwa picha. Virusi havikuonekana tena. Lakini nyuma ya mgongo wake uling'aa mwili mwingine mzima, umelala ubavu, umemkumbatia.

"Mashine mbovu," alisema Kerdoncuff, akitazama pembeni. "Hiyo futa."

Nassima akafuta. Kisha akaingia kumsaidia mgonjwa kushuka, akamshika bega. Lilikuwa la baridi.

"Taratibu, binti," Odile alisema kwa sauti ya chini. "Bado amelala."