Vidole Kwenye Mpini

Maoni ya kwanza yalisifu kitu ambacho fundi hakukichora.

"Panga kali, kaka," aliandika mchezaji mmoja, "ila hivyo vidole vitano kwenye mpini ndivyo vimenimaliza!"

Vidole gani tena? Fundi alikuwa mchoraji wa skini, yale mapambo ambayo wapenzi wa gemu huyabuni wenyewe kuvisha silaha, kisha huyaweka mtandaoni wenzao wayasifie au wayaponde. Na alikuwa msikivu kupita kiasi, yule bwana! Ukimwambia bluu imezidi, anapunguza, ukimtukana, anashukuru. Safari hii alikuwa amepiga picha kutu ya panga kuukuu alilolikuta darini limefungwa kitambaa, akaibandika kwenye mchoro wake. Panga lenyewe akalitupa jalalani. Sasa akaikuza picha. Kweli bwana, vidole vitano vyeusi, vyembamba, vimeukumbatia mpini.

"Madoa tu," akajisemea, akavifuta na kuipandisha skini upya mtandaoni.

Mchana uleule mkewe, akiwa jikoni, alisikia kwaruu, kwaruu, chuma kikiburutwa sakafuni, na harufu ya kutu iliyolowa ikampanda puani mpaka akaziba pua kwa kanga. Akakimbilia chumbani kwa binti yao wa miaka sita, waliyembandika jina la Chiriku kwa kuwa hanyamazi. Siku hiyo alikuwa kimya. Shingoni ana alama tano nyeusi, na pumzi inatoka kwa taabu.

"Mume wangu! Njoo, mtoto anakufa!"

Hospitali walipima hiki, wakapima kile, hawakuona kitu. Siku ya tatu midomo ya mtoto ilikuwa imebadilika rangi. Wakamwita mganga, mama mmoja asiyependa maneno mengi. Aliigusa ile shingo, akaurudisha mkono haraka.

"Mlimpa mahali pa kukaa," akanong'ona, "halafu mkamfukuza?"

Fundi akamweleza yote. "Mtoe, mama yangu. Nakupigia magoti."

"Huyu mwenye panga simwezi, mwanangu. Panga umetupa, picha yake umefuta. Amebaki na huyu mtoto. Mrudishie picha yake."

"Basi narudisha sasa hivi!"

"Ngoja. Picha ikikaa humu ndani, naye yumo humu. Na ukiitoa, atakwenda inakokwenda."

Wakatazamana, mume na mke. Hakuna aliyeuliza inakwenda wapi.

Fundi akaketi, akaanza kuvichora vile vidole, kimoja baada ya kingine, na kila alipomaliza kimoja ile kwaruu ikasogea, ikatoka chumbani kwa mtoto, ikapita ukumbini, ikaingia chini ya meza yake, mpaka akahisi kitu cha baridi kikimgusa kisigino naye hathubutu kuangalia chini, kwa maana nyuma yake mkewe anamlilia mtoto, "Vuta pumzi, mama, vuta tena," na ile pumzi haiji, haiji kabisa, ndipo akabonyeza kuichapisha skini mtandaoni huku amefumba macho.

Nyumba ikatulia. Chiriku akakohoa, akaomba maji.

Kufikia kesho yake watu elfu tisa walikuwa wameipakua. "Afadhali umevirudisha!" "Mzee, vinasogea kabisa, umewezaje?" Fundi akacheka kwa mara ya kwanza baada ya siku kadhaa. Kisha akasoma mengine.

"Samahani, kaka. Mimi ni mama wa mchezaji. Mwanangu aliweka hii skini jana. Ana alama shingoni, hapumui vizuri. Nakuomba sana, ifute."

Fundi akasogeza mshale kwenye kitufe cha kufuta skini. Ukumbini Chiriku alikuwa anasimulia kitu kirefu kisicho na mwisho, anajichekesha mwenyewe.

"Tukifuta..." akaanza.

"Najua," alisema mkewe. Machozi yalikuwa yanamtiririka. Akanyoosha mkono juu ya bega la mumewe, akayafuta maoni ya yule mama.

Chini yake kulikuwa na mengine: "Hata wangu."