Papa Constantin Kwenye Lango la Nyumba ya Shaba

Kila asubuhi Lydie Kapya alitoka nyumbani kwao mtaani Katuba wakati baba yake bado anakunywa chai. Alipanda basi hadi mjini, kisha akatembea hadi Nyumba ya Shaba. Hapo serikali ya jimbo inaonyesha jinsi watu wa kale wa Katanga walivyoyeyusha mawe na kutengeneza misalaba ya shaba. Kazi ya Lydie ilikuwa kupokea wageni.

Wageni wenyewe walikuwa wachache. Walikuja kwa gari kutoka uwanja wa ndege wa Luano, wakapiga picha, wakaondoka. Watu wa Lubumbashi hawakuja. Mkurugenzi, bwana Kangwa, aliona dawa ni kujenga lango kubwa lenye taa na chemchemi ya maji. Barua ya kuomba lango hilo ilikuwa tayari mezani kwake.

Mwezi huo ofisi ilimwita Mwape, mtaalamu wa ubunifu, awasaidie kuvuta watu. Swali lake la kwanza lilikuwa kuhusu fomu za maoni.

"Karibu bote banaandika 'ni muzuri'," Lydie alisema.

"Nani anajaza fomu?"

"Bageni, kama bamemaliza kutembelea."

"Na bale habakuingia?"

Hao hawakuwa kwenye fomu hata moja.

Mwape akamweleza. Kabla ya kujenga kitu, tembea na mtu atakayekitumia. Usimsaidie, usimwelekeze. Tazama anaposimama, anaposita, anapochoka. Mwishoni usimuulize kama amependa. Muulize nini kimetokea.

"Chagua muntu mumoya wa hapa mu muji," alisema. "Muntu wa kawaida."

Lydie akamchagua baba yake, Papa Constantin, mzee mstaafu wa reli. Alidhani mambo yatakuwa rahisi.

Jumamosi mzee alivaa shati lake la misa. Miguuni alivaa ndara, maana mguu mmoja ulikuwa umevimba. Lydie na Mwape walisimama ng'ambo ya barabara, kwenye kivuli cha duka.

Gari moja lilifika. David, mlinzi, akafungua lango na kusalimia. Kisha akafika Papa Constantin.

"Papa, bantu ba jardin banapita nyuma," David alimwambia, akidhani ni mfanyakazi wa bustani.

Mzee alivua kofia, akazunguka nyuma polepole. Lydie alitaka kuvuka barabara, lakini Mwape akamshika mkono.

Baada ya muda mrefu, mtunza bustani alimrudisha mzee mbele. David akaomba kitambulisho, akakigeuza mara mbili, ndipo akamruhusu kuingia. Lydie na Mwape wakafuata kwa mbali. Ndani, maelezo yote yalikuwa kwa Kifaransa, kwa herufi ndogo, juu ukutani. Mzee aliinua kichwa, akakaza macho, akaacha. Alitafuta kiti, hakukuwa na kiti. Akachuchumaa sakafuni karibu na kalibu ya misalaba. Muda mfupi baadaye alikuwa nje.

"Papa, umeona aje?" Lydie aliuliza.

"Ni muzuri, mwana. Muzuri kabisa."

Lydie alipigwa na butwaa. Yalikuwa maneno yaleyale ya kwenye fomu.

Mwape akamwomba mzee aeleze siku yake yote, tangu kutoka nyumbani. Mzee akaeleza habari za basi na jua. Kisha akafika kwenye habari za lango.

"Pale kwa mulango nilijua itakuwa vile," alisema. "Wakati Lydie alianza kazi, nilikuyaka hapa mara tatu. Nilitaka tu kuona fasi ya kazi ya mwana wangu. Mara zote tatu banarudisha miye."

Lydie alimtazama baba yake kama vile hamjui. "Juu ya nini haukuniambia?"

"Sikutaka uone haya mbele ya bantu ba kazi yako."

Jumatatu Lydie alimweleza mkurugenzi yote. Bwana Kangwa alikasirika. "Ule mulinzi ni mubaya. Tutamutosha kwa kazi."

David aliitwa. Alitoa karatasi iliyokunjwa, iliyokuwa imebandikwa kibandani kwake. Iliandikwa kwamba kila anayekuja kwa miguu azuiwe na kuulizwa, na wafanyakazi wapite nyuma. Chini yake kulikuwa na sahihi ya bwana Kangwa.

Mkurugenzi aliisoma mara mbili. "Niliandika hii wakati baliiba nyaya za hapa," alisema kwa sauti ndogo. "Nikaisahau." Akaketi. Hakugusa tena barua ya lango.

"Tujaribu kwanza vitu vidogo," Mwape alisema. "Tuandike kwa karton. Kama haifai, tunatupa."

Waliazima mabenchi ya parokia. Waliandika maelezo kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa, mahali macho yanapofika. David alianza kuwasalimia watu kabla ya kuwauliza chochote. Barabarani Lydie aliweka karton yenye maneno KARIBUNI WAGENI.

Siku mbili watu walipita tu. Lydie akamuuliza mama mmoja anayeuza mikate ya mafuta kwa nini haingii.

"Bageni ni bale ba Luano," mama alijibu. "Siye tuko ba hapa."

Lydie aliigeukia karton aliyoiandika kwa mkono wake mwenyewe. Mchana huohuo akaandika nyingine: INGIENI BOTE, HII NI YETU. Mama yule aliingia wa kwanza, na beseni lake kichwani.

Wiki iliyofuata Papa Constantin alirudi na wazee wa parokia. Waliketi kwenye mabenchi wakaeleza mambo ambayo hata Lydie hakuyajua, na wasafiri wa Luano wakasahau magari yao. Bwana Kangwa aliandika barua mpya. Aliomba viti, kivuli, na maandishi ya Kiswahili ya kudumu. Mvua zilipoanza, kila Jumamosi nyumba ilijaa.

Ijumaa moja David alimfuata Lydie.

"Madame, kesho mama yangu anakuya. Naweza kuingia naye ndani?"

"David, juu ya nini unaniuliza? Wewe uko wa hapa."

"Sijaingia hata siku moja."

Lydie alihesabu kichwani. Ilikuwa miaka minne. "Minne yote, kwa mulango?"

"Hakuna muntu aliniambia ingia."

Kesho yake David alikuja bila sare, amemshika mama yake mkono. Lydie ndiye aliyesimama langoni. Alimsalimia mama, akafungua lango lote, wakapita wawili.