Nilikwangua Boti Huku Mama Akiniita Mpui

Nina miaka thelathini na sita, mama wa watoto wawili. Leo nimepanga chumba kimoja hapa Sumbawanga na wanangu, lakini mkasa huu ulinikuta nikiwa bado mke wa mtu, nikiishi kwenye nyumba ya mama mkwe wangu kule Chanji. Nawaandikia wasomaji wenzangu kwa sababu nimechoka kulia peke yangu.

Mume wangu, Deus, alikuwa fundi wa kupiga rangi magari. Siku moja akarudi na habari kwamba amepata kazi ya boti. Boti! Sisi tunaokaa huku juu kwenye baridi, ziwa mpaka ushuke milima yote ile, mtu akuletee boti nyumbani?

Ikaletwa kweli, juu ya Fuso. Ilikuwa boti ya faiba ya Mzee Sabas, mwenye mitego ya dagaa kule Kirando ziwani. Ukuta wa matofali mabichi wa uani ulibomolewa upande mmoja ili ipite, kisha ukajengwa tena maana upepo wa kiangazi kwetu hauna huruma. Ikakaa juu ya magogo, imeziba nusu ya uwanja. Kuingia jikoni kwangu nilipita ubavu.

Tumbo la boti lilikuwa na rangi nyekundu iliyokaa miaka na miaka. Rangi ile ina sumu, ndiyo inayozuia majani ya majini yasishike. Kila ikichakaa walipaka nyingine juu yake, mpaka ikawa nene na kuanza kubanduka. Kazi ya Deus ilikuwa kuitoa yote, ibaki faiba tupu, ndipo apake mpya. Mzee Sabas aliagiza itumike msasa wa maji na kibao butu, polepole, watu wasichimbe.

Deus alikwangua siku chache akachoka. Akawa analalamika mgongo. Na hapo ndipo nilipofungua mdomo wangu... Laiti ningenyamaza!

Mimi kwetu ni Mpui. Kwetu shamba likikushinda unapika pombe ya ulezi, unaita majirani na ndugu, wanakuja na majembe, wanalima huku wanaimba, jioni wanakunywa. Nikamwambia Deus tufanye hivyo hivyo. Alicheka mpaka akashika mbavu, akasema mke wake ana akili.

Nikapika pombe, na niliipika vizuri sijui kwa nini. Jumamosi wakaja shemeji zangu na majirani. Na mtu akiitwa kwenye pombe ya kazi Ufipa anakuja na nini? Na jembe! Walikuja na majembe na mapanga, wakasimama kwa mstari kama shambani, wakaanza kuparua tumbo la boti kwa nyimbo. Rangi iliruka! Watoto walishangilia. Pombe ilikuwa imeshaanza kuzunguka kabla ya jioni, na Deus ndiye aliyekuwa anaimbisha.

Walipoondoka ndipo tukaona. Boti ilikuwa na makovu kila mahali. Sehemu nyingine jembe lilikuwa limepita rangi, limepita faiba, nyuzi zinaning'inia. Kwenye ubavu mmoja kulikuwa na tundu unaloweza kupitisha ngumi. Deus alikaa chini akashika kichwa.

Kesho yake aliniaga kwamba anashuka Kirando kumwangukia Mzee Sabas na kutafuta dawa ya kuziba faiba. Alinikumbatia. Nikamfungia na chapati za njiani, mjinga mimi!

Hakurudi. Simu akawa anapiga kwa mama yake tu, yangu hapokei. Mama mkwe ndiye aliyeniletea maneno. Alinikalisha kitako, sura imekunjamana.

"Mkamwana, mambo yameharibika," aliniambia. "Mwenye boti amewaka. Anasema aliyeita watu ni wewe na pombe ni yako. Usitoke humu ndani mpaka rangi yote itoke. Ukionekana njiani tu, anakwenda polisi."

Nilimuuliza mume wangu anasema nini. Akajibu kwamba Deus ameshikiliwa huko huko, anafanya kazi za mzee ili kupoza hasira, na nikileta ukaidi ndiyo nitamfunga kabisa. Ningebisha vipi? Wazo lilikuwa langu. Pombe ilikuwa yangu. Kila nilipotazama lile tundu nilijiona niko kizimbani.

Basi nikaanza kukwangua. Mimi, niliyezoea kuuza mboga sokoni na kupiga soga na wenzangu, nikawa nalala chali chini ya boti, maji machafu mekundu yananitiririkia kwapani. Nilijifunga kanga mdomoni lakini vumbi liliingia tu. Macho yaliwasha, kifua kilikaza. Kuku wangu walidonoa maganda ya rangi wakafa mmoja baada ya mwingine, na mama mkwe akanisema kwa hilo pia. Wateja wangu waliniulizia getini wakaambiwa nimesafiri.

Nyekundu ilipoanza kwisha, nilikuta chini yake kuna buluu. Nikalia. Nikaitoa buluu... chini yake kuna nyeusi, ngumu kama lami! Mungu wangu, nilimkosea nini huyu Sabas?

Nikiwa humo, kaka yangu Venas alipiga simu kutoka Mpui. Mama alikuwa mgonjwa. Miguu imevimba, pumzi inakata, na kila akizinduka ananiulizia mimi. "Njoo dada, hata kwa siku moja," alisema Venas. Mpui siyo mbali. Ukipanda gari asubuhi, chakula cha mchana unakula kwa mama.

Nilifunga mzigo mdogo nikaenda kumuaga mama mkwe. Mama yule alijitupa chini mlangoni, akavua kilemba, akalia kwa sauti. Aliuliza nataka mwanae aozee jela? Nataka wanangu waitwe watoto wa mfungwa? Kisha akanishika mikono, akasema kwa upole kwamba nimalize boti kwanza, na siku hiyo hiyo atanisindikiza stendi mwenyewe.

Nikafungua mzigo. Ninavyoandika hapa nauona ule mzigo, na natamani kujizaba kofi.

Nikakwangua kama mwenda wazimu. Kucha zilibanduka. Nilijiambia mama ananisubiri, nikimaliza nyeusi hii nakwenda. Mwanangu mkubwa aliniletea uji, nikanywa huku mkono mmoja unasugua.

Simu yangu nilikuwa naichajia chumbani kwa mama mkwe, maana ndimo mlimokuwa na soketi nzima. Venas hakupiga tena. Nilipojaribu kumpigia, hakupokea. Nikajifariji kwamba mama amepata nafuu na kaka yuko shambani. Mtu aliyebanwa hujifariji na chochote.

Asubuhi moja gari lilisimama nje, akaingia mzee mfupi mwenye koti kubwa. Ni Mzee Sabas! Nilitoka chini ya boti nikapiga magoti na matope yangu, nikamwamkia shikamoo, nikaanza kuomba msamaha huku nalia, nikisema sijatoka hata siku moja kama alivyoagiza, asinipeleke polisi.

Akaniinua.

"Binti, nani amekwambia mimi nimekukataza kutoka?"

Nikasema ni mama mkwe.

"Mimi?" alishangaa mzee. "Tundu hili linazibwa! Deus nilimsamehe siku ile ile, nikampa dawa na vitambaa arudi kuziba. Akaniambia wadogo zake ndio wanaokwangua, yeye ana mkewe kule Kirando amejifungua, anamuuguza. Kwani wewe ni nani?"

Kwani mimi ni nani! Niligeuka, nikamwona mama mkwe amesimama mlangoni, ameinamisha uso. Hakukana. Alisema tu kwamba aliogopa nikitoka nitashuka ziwani, nitamkuta Deus na yule mwanamke, nimharibie mwanae maisha.

Kumbe sikuwa mfungwa wa mtu yeyote. Geti lilikuwa la komeo la ndani, nililifungua na kulifunga mwenyewe kila siku nikimwaga maji machafu!

Sikubishana. Sikuoga. Mzee Sabas, Mungu ambariki, alinipakia kwenye gari lake na wanangu akatupeleka Mpui. Njia nzima nilikuwa napanga maneno ya kumwambia mama, nianze na lipi.

Tulikuta kaburi. Udongo ulikuwa bado haujakauka, na mashada ya maua yamelegea kwa upepo.

Venas hakunipa mkono. Alisimama mbali akaniuliza nimefuata nini. Akasema alipiga simu mara nyingi, ikapokelewa na mama mkwe wangu, akaambiwa nimesema nina kazi, wasinisumbue. Hata ya msiba alipiga. Akajibiwa hivyo hivyo. Mama alifariki akiambiwa kwamba nimekataa kuja.

Nilimweleza kaka yote. Anajitahidi kuniamini. Lakini mama nitamweleza wapi? Aliondoka na jibu ambalo sikulitoa mimi!

Ndoa nimeiacha, na Deus sijamfuata. Kifua bado kinanibana baridi ikizidi. Hayo yote nayabeba.

Ila wewe dada unayesoma haya ukiwa umefungiwa na maneno ya watu, nakuomba kwa magoti. Ukiambiwa fulani amekukataza, mtafute huyo fulani umsikie kwa masikio yako. Hatia isikutie upofu kama mimi. Na kama mama yako anakuita, hakuna kazi, hakuna mkwe, hakuna polisi. Vaa viatu uende. Nenda leo, angali anaweza kukusikia.