Robo Mzunguko wa Mwisho

Foleni ya malori ya Tunduma haina adabu, na siku hiyo ilimnasa Atupele katikati, pikapu ya marehemu baba yake imezima. Alikuwa amependeza kwa kitenge cha njano, anakwenda kwenye ubatizo. Kijana wa ovaroli ya bluu akaja, akagusisha ncha ya bisibisi kwenye injini, mpini sikioni, akamwambia apige stata.

"Silinda sita, mstari mmoja," alisema. "Dada, hizi hazitengenezwi tena. Ina nguvu, imelala tu."

"Basi iamshe, kaka. Nachelewa kanisani."

Huyo alikuwa Enoka, fundi wa magari wa pale Mpemba, karibu na Tunduma. Mapenzi yakakolea gerejini kwake. Enoka alifunga turbo, kifaa cha kuisukumia injini hewa, aliyoitoa kwenye lori bovu, na kila Jumamosi walipakia magunia ya mahindi, wakapima nguvu kwenye mlima wa barabara ya Ileje. Alikuwa akizungusha skrubu ya pampu robo mzunguko ili dizeli iongezeke, Atupele akihesabu sekunde kwenye simu, wakicheka. Moshi ulipoanza kuwa mweusi, Atupele alimsihi aache. Gari lile ndilo lililobaki na sauti ya baba yake. Nyumbani kwao, kijijini Mbebe, waliujua mlio wake kabla halijakata kona.

"Robo ya mwisho, mpenzi," Enoka alisema.

Katikati ya mlima pistoni ikayeyuka, injini ikafa. Atupele akashuka, akaenda zake bila kugeuka.

Wiki moja baadaye hasira zilimpoa, akaenda gerejini. Boneti ilikuwa wazi, ndani hamna injini. Wenzake walisema Enoka ameipakia kwenye lori, hawajui kaenda nayo wapi. Simu haikupatikana. Atupele akaamini ameiuza.

Lakini moyo hauna akili. Mchana alimwita mwizi, jioni alikinusa kile kitenge cha njano, kuona kama bado kina harufu ya dizeli ya siku ile. Alimtamani mpaka akajichukia. Miezi mitatu, kila gari lililonguruma mbele ya duka lake la vitenge lilimfanya ainue kichwa.

Kisha ikaita namba ngeni. Alipopokea, ulisikika mlio tu, wa taratibu, wa gari la baba. Atupele akalia mbele ya wateja.

"Uko wapi?"

"Hapa nje."

Enoka alikuwa amekonda. Alieleza kwamba alikuwa Mbeya kwa fundi wa kukereza vyuma, akimfanyia kazi ili kulipia matengenezo huku akisubiri pistoni. Injini ameirudisha garini, turbo ameitoa, skrubu ameirudisha ilipokuwa.

"Ungeniambia."

"Niliona aibu kuja na maneno matupu." Akampa bisibisi. "Ukisema imetosha, imetosha. Kwenye gari, na nyumbani kwetu, ukinikubali."

Atupele akaitia mkobani, akakaa kwenye usukani.

"Panda. Hayo utamwambia mama."

Walipokaribia Mbebe, kabla hawajakata kona, mama yake alikuwa ameshatoka nje, amesimama uani, mkono mdomoni.