Kua, Mwanangu

Béatha alijibu chafya bila kugeuka. Hapo ndipo mambo yalipoharibika, na tusimlaumu sana: hata wewe, ungekuwa umepiga pasi kombati za maofisa tangu alfajiri, usingegeuka.

Mtoto akipiga chafya, mama humwombea, "Kua!" Ndiyo desturi ya Rwanda nzima, na mdomo hulitamka neno hilo hata moyo ukiwa umelala. Chafya ilitoka nyuma ya pazia la kitanda, chafya ndogo yenye makamasi. "Kua, mwanangu," akasema Béatha, akaongeza makaa kwenye pasi. Mara mlango ukafunguliwa, akaingia Kaliza na jerikani la maji.

"Si ulikuwa ndani wewe?"

"Si uliniagiza bombani, Mama?"

Béatha akafunua pazia. Hapakuwa na mtu, ila harufu ya majivu yaliyolowa. Alikuwa amechoka hata hakuweza kuogopa. Akarudi kwenye pasi yake.

Wiki ile Kaliza, mtoto wa miaka saba, akaanza kupwaya ndani ya gauni la shule. Jino la utoto lililong'oka mwezi uliopita likarudi, lile lile, na ufa wake. Akasahau kusoma. Akasahau kuvaa viatu. Majirani wa Kanombe, mtaa wa kambi ya jeshi, wakasema ni vita tu: Mutabazi, baba wa mtoto, alikuwa askari, na tangu vita vianze Oktoba alikuwa kaskazini, miezi minane sasa. Kweli watoto wote wa askari walikuwa wamenyong'onyea. Lakini jamani, ni mtoto wa nani mwingine aliyerudi kutambaa?

Na nyuma ya pazia kitu kilikuwa kinakua. Kwanza Béatha alisikia magoti yakijikokota sakafuni, kisha nyayo mbichi zikijifunza kutembea, hata siku moja, mchana kweupe, Kaliza akiwa mapajani mwake ananyonya kidole, akaisikia sauti ya Kaliza huyo huyo ikisoma kule ndani ukurasa ambao mtoto aliukariri kabla hajausahau, ikisoma bila kukosea, ikitulia pale pale Kaliza alipozoea kutulia ameze mate, halafu ikiendelea, taratibu, kama mwenye nyumba.

Akambeba mtoto mgongoni, akaenda mtaa wa Biryogo kwa Kankindi, mama wa Kiislamu aliyeuza mkaa na kuwasomea wenye majini. Kankindi alimsikiliza huku akipima mkaa wa wateja.

"Umempa jini baraka ya mwanao," akanong'ona. "Anakula miaka ya huyu. Mdomo uliponza kichwa, mama."

"Mtoe basi, nakuomba."

"Nitasoma, lakini hatatoka kwa kisomo peke yake. Ulimkaribisha mwenyewe. Bado iko kitu kimoja hana: jina. Nani alimpa mtoto jina?"

"Baba yake."

"Basi baba arudi, amwite huyu kwa jina lake, uso kwa uso. Atakayeitwa Kaliza ndiye atabaki. Mwingine atakwisha. Umenisikia? Muwahi mumeo kabla hajafika mlangoni."

Habari zikaja kwamba kikosi cha Mutabazi kitapewa likizo ya siku mbili. Siku yenyewe hakuna aliyeijua. Béatha akahamia kwenye kona ya barabara ya kambi, akatazama kila lori, Kaliza mgongoni, sasa kichanga asiye na jino hata moja, mwepesi kuliko jana yake. Usiku hakulala, alihesabu pumzi zake. Hivyo siku nne. Siku ya tano, jua la saa tisa likamwelemea, akajiambia afumbe macho kidogo tu. Usingizi hauna huruma. Alipozinduka, lori lilikuwa limeshapita na vumbi lake limetua magotini mwake.

Akakimbia. Akakimbia na kandambili moja, akikatiza nyua za watu, akimwita Mutabazi kwa sauti iliyokwisha kukauka, akimwomba asiseme neno, asimwite mtu, angoje tu, angoje, huku nyuma ya shingo yake mtoto akilia kilio chembamba kilichozidi kufifia kila hatua, mpaka akaliona begi la askari limetupwa kizingitini.

Mutabazi alikuwa amepiga magoti, analia. Mikononi mwake alikuwamo msichana wa miaka saba, gauni la shule limemkaa sawasawa.

"Kaliza," alikuwa akisema. "Kaliza wangu, Kaliza, umekua!"

Kilio kikakatika. Béatha akapeleka mkono nyuma. Kitenge kilikuwa kimelowa mkojo wa moto, basi.

Mutabazi akainua uso wake uliochoka, akamtabasamia mkewe.

"Mama Kaliza," akasema, "mbona umejifunga kitenge mgongoni kama mwenye mtoto?"